Kazi za Mikono Nyumbani: Klarineti Kuukuu Isitupwe



Pengine nyumbani mwenu, ama katika ghala ya shule, pana klarineti ya mti ambayo haijapulizwa kwa miaka mingi. Vijana huiona kuwa fimbo nyeusi yenye vyuma vibovu. Kabla ya kuitupa au kuwapa watoto waichezee, jueni kwanza thamani yake.

Klarineti ilianza Ujerumani, katika mji wa Nürnberg, yapata mwaka 1700, kwa kazi ya fundi Johann Christoph Denner. Lakini mti wake ulio bora ni wa kwetu Afrika: ndio mpingo, ukatwao hasa Tanzania na Msumbiji. Ni mzito hata huzama majini, nao hukua polepole. Yapata miaka 70 au zaidi hupita kabla haujafaa kukatwa. Tangu mwaka 2017 biashara ya mbao zake baina ya nchi na nchi yaangaliwa kwa mapatano ya mataifa. Basi aitupaye klarineti ya mpingo atupa mti uliokua muda wa maisha ya mtu mzima.

Hatari ya kwanza ni haraka. Mti uliokauka kwa miaka, ukipata ghafula pumzi yenye joto na unyevu, huvimba ndani huku nje ungali mkavu, ndipo upasukapo. Huku kwetu Ariwara yafaa kujihadhari zaidi wakati wa kiangazi, Desemba hata Februari, hewa ikiwa kavu.

Fuateni mpango huu. Kwanza, zitenganisheni sehemu zake tano kwa kuzizungusha taratibu. Fungueni vyuma kimoja kimoja, na kila parafujo ikae pamoja na chuma chake. Ondoeni vumbi kwa brashi laini; mti usioshwe kwa maji.

Pili, upakeni mti mafuta mepesi ya mimea, kidogo sana, ndani na nje. Uacheni usiku kucha, kisha futeni yaliyobaki. Rudieni mpaka mti usinywe tena.

Tatu, tazameni vile vifuniko vidogo vya ngozi vilivyo chini ya vyuma. Vikiwa vimeliwa na wadudu hupitisha pumzi, na sauti haitoki, lazima vibadilishwe. Navyo visiguswe na mafuta.

Nne, ncha za kuungia zikilegea, zungusheni uzi wa pamba uliopakwa nta ya nyuki, kama mafundi wa zamani walivyofanya. Kipande cha mdomoni kioshwe kwa maji baridi, kwani maji ya moto hukiharibu. Ulimi wa tete ununuliwe mpya.

Mti ukiwa na ufa mrefu, mpelekeeni fundi mzoefu. Msiuzibe kwa gundi yo yote iliyo karibu.

Kisha pulizeni dakika 10 tu kila siku kwa juma la kwanza, mkapitishe kitambaa ndani kila mara kuondoa unyevu. Muda uongezwe kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwisho, mtafutieni klarineti yenu kijana mwenye subira wa kuipiga. Ikirudishwa sandukuni itakauka tena, na kazi yote itakuwa bure. Mlinzi wa kweli wa chombo cha muziki ni yule akipigaye kila siku.