AHERO IMEKUWA MJI: NI NANI ALIYELIPA?



Kila siku ya kazi, kabla jua halijatoka, watu husimama kando ya barabara pale Ahero wakingoja gari la kwenda Kisumu. Wamo waashi, makarani, walinzi, wauguzi, wapishi wa mahoteli na akina mama wa sokoni. Jioni wote hao hurudi, wengine wakiwakuta watoto wamekwisha lala. Wengi wetu tumo katika safari hiyo, kwa hiyo jambo hili ni letu.

Ahero ya zamani ilikuwa kijiji cha uwanda wa Kano: maboma, mashamba ya mtama, malisho ya ng'ombe, na mto Nyando ukipita karibu. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 haikupita hapo. Ilipita upande wa kaskazini, kwa Muhoroni, Miwani na Kibos. Kilicholeta mji ni barabara. Hapo Ahero njia itokayo Kisumu hugawanyika: moja yaenda Awasi, Kericho na hata Nairobi, nyingine yaenda Kisii. Magari yaliposimama, mtu akauza chai. Penye chai pakajengwa duka, na penye duka watu wakatafuta vyumba vya kulala. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali ikaanzisha mashamba ya mpunga yanayopata maji ya Nyando kwa pampu, na mchele wa Ahero ukapata jina. Leo kuna hata daraja la kupitisha magari juu ya makutano ya barabara.

Haya yote ni maendeleo, nasi twayafurahia. Lakini mpunga na chai peke yake havikujaza vyumba vyote vile vya kupanga. Vimejazwa pia na mfanya kazi wa Kisumu ambaye mshahara wake hautoshi kulipa kodi ya nyumba mjini. Amekwenda zaidi ya kilomita 20 kutafuta chumba anachokiweza, naye hulipa tofauti kwa nauli na kwa usingizi wake.

Hebu tupige hesabu. Tuseme nauli ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni shilingi 5,200 kwa mwezi. Mvua ikinyesha, nauli hupanda. Na kama safari na kungoja gari huchukua saa moja asubuhi na saa moja jioni, basi mtu ametoa saa 52 kwa mwezi ambazo hakuna anayemlipa. Mwenye chumba cha bei rahisi Ahero asijidanganye kwamba kodi yake ni ile anayompa mwenye nyumba. Kodi yake ni hiyo pamoja na nauli.

Matajiri watasema, "Hatukumwambia mtu akae mbali." Jibu hilo ni la zamani. Wakati wa ukoloni mishahara ilipimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na jamaa, kana kwamba mke na watoto watalishwa na shamba. Mwaka 1954 kamati ya Bwana Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika wa Kenya ilikubali kwamba mshahara wa namna hiyo haufai, ikashauri upandishwe hata mtu aweze kukaa na jamaa yake. Tangu hapo miaka zaidi ya 70 imepita, na bado mfanya kazi anapimiwa kama mtu wa chumba kimoja.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa mahali pa kazi au karibu napo, ama amlipe fedha za kutosha kupata nyumba ya kufaa, juu ya mshahara wake. Angalieni neno hilo "karibu". Tena, tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Tunayo haki ya kuuliza nyumba hizo zinajengwa wapi, na kama mfanya kazi wa mshahara mdogo ataweza kuzipata.

Tusigombane na wenyeji wa Kano, wala na utingo wa matatu. Wao nao wanatafuta riziki, na mafuriko ya Nyando ya mwaka 2020 na 2024 hayakuchagua mwenyeji wala mpangaji. Madai yetu ni kwa waajiri.

Basi twawaomba mambo mawili. Kwanza, kila mwanachama anayesafiri kutoka Ahero, Rabuor, Kiboswa, Maseno au kwingineko aandike katika daftari nauli yake ya kila siku kwa mwezi mmoja, pamoja na saa ya kutoka na ya kurudi nyumbani, ampe katibu wa tawi. Mwajiri hawezi kupuuza hesabu iliyoandikwa kama anavyopuuza manung'uniko. Pili, mapatano mapya yakianza, tudai posho ya nyumba ipimwe pamoja na nauli, na walio na zamu ya usiku wapewe gari la kuwarudisha.

Kwa Kijaluo neno "ahero" ni kusema "napenda". Anayependa kukaa Ahero na akae kwa furaha. Lakini iwe kwa kupenda kwake, isiwe kwa kufukuzwa mjini na kodi ya nyumba.

Umoja ni nguvu.