Rupia ya Tabora: Kasoro ya mtambo au ya nyundo?

Haya tena msomaji wangu, wiki hii tuongelee vijisenti. Siyo vile vya kununulia soda, ni vile vya Mjerumani ambavyo hapa mjini hakikosi kijiwe chenye mtu anayedai anavyo. Utasikia, "Kaka, hii ilikosewa kiwandani, ziko chache dunia nzima!" Mfuko unakutoka kabla hujauliza swali. Tulia kwanza!

Sarafu za Mjerumani zilizotoka ovyo ovyo zipo kweli. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, Waingereza walifunga njia ya bahari, pesa za kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Mwaka 1916 Wajerumani wakaamua kujipigia wenyewe kwenye karakana ya reli, Tabora. Wakatoa heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Zote wakazitia herufi T, yaani Tabora. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji, mchezo ukaisha.

Karakana ya reli siyo kiwanda cha fedha, bwana. Ndiyo maana heller 20 moja ina taji kubwa, nyingine dogo. Herufi L za neno HELLER nazo, kuna zilizochongoka ncha na kuna zilizojikunja. Hayo siyo makosa, ni mihuri tofauti tu.

Kasoro yenyewe inazaliwa hivi. Kipande kitupu cha shaba kinabanwa kati ya mihuri miwili. Kikikaa upande, picha inakatika na ukingo mmoja unabaki mtupu. Muhuri ukipata ufa, shaba inaingia ndani ya ufa na sarafu inatoka na mstari uliovimba. Sarafu ikinasa kwenye muhuri, inayofuata inapigwa nayo: upande mmoja picha ya kawaida, upande wa pili picha hiyohiyo imezama na imegeuka kama kwenye kioo.

Sasa mjanja wa mjini yeye mtambo wake ni tupa, nyundo na jiliwa. Kumnasa siyo kazi. Pitisha ukucha: mstari wa ufa umeinuka, mkwaruzo wa msumari umezama. Angalia ukingo: iliyokatwa kwa tupa ina michirizi, na picha inaishia ghafla bila ile nafasi tupu. Ukiona picha iliyogeuka imelalia juu ya picha nyingine ambayo bado inaonekana, shuku kwamba sarafu mbili zimebanwa pamoja kwenye jiliwa.

Ya tembo ndiyo balaa zaidi, maana za bandia zimejaa. Ya kweli ina uzito unaozidi kidogo gramu 7, na robo tatu yake ni dhahabu. Mizani ya sonara haina longolongo.

Na wewe mwenye sarafu ya bibi kabatini, usije ukaisugua kwa ndimu na majivu ili ing'ae. Wanaokusanya sarafu wanaitaka na weusi wake, ukiisugua umeiharibu thamani.

Muuzaji akigoma kwenda na wewe kwa sonara, mrudishie rupia yake, nawe rudi nyumbani na pesa zako. Tukutane wiki ijayo!