Pamba ya Mwituni na Hesabu ya Kromosomu

Mwanafunzi wa Nyasubi, mjini Kahama, huijua pamba kabla ya kuijua biolojia. Ajabu ni kwamba afikapo kwenye somo la poliploidi, yaani hali ya kiumbe kuwa na zaidi ya seti mbili za kromosomu, hupewa mfano wa ngano, akaukariri kwa ajili ya mtihani.

Pamba ilimwayo Shinyanga, Gossypium hirsutum, ina kromosomu 52, yaani seti nne za 13. Ilitokea Amerika, kwa muungano wa kale wa pamba mbili zenye kromosomu 26 kila moja: moja ya ukoo wa Afrika na Asia, nyingine ya huko huko Amerika. Tanzania nayo ina pamba yake ya mwituni, Gossypium longicalyx, iliyopewa jina hilo mwaka 1958. Ina kromosomu 26, na nyuzi zake hazifai kusokotwa. Lakini mizizi yake haishindwi na Rotylenchulus reniformis, minyoo midogo sana ya udongoni ambayo huidhoofisha pamba ya shambani.

Mbona basi pamba hizi mbili zisichanganywe? Hapo ndipo penye somo lenyewe. Chotara wao hupokea kromosomu 26 upande mmoja na 13 upande wa pili, jumla 39. Zinapotengenezwa chembe za uzazi, kromosomu nyingi hukosa wenzi wa kupangana nao, na chotara huwa tasa. Wataalamu wa Marekani walitumia kolchisini, dawa izuiayo seli kugawanyika baada ya kromosomu zake kujirudufu, na 39 zikawa 78. Kisha, kwa njia mojawapo, mmea huo ulichavushwa na pamba ya mwituni ya Mexico yenye 26. Uzao ukarejea kwenye 52. Juhudi hizo zilileta mbegu za majaribio mwaka 2007. Hazikukosa dosari: penye minyoo mingi mno, mimea yake ilidumaa.

Hesabu hii yote yaweza kufundishwa kwa chaki na punje za maharage za rangi mbili. Kituo cha Ukiriguru, Mwanza, ambacho kwa miongo mingi kimezalisha mbegu za pamba, kitahitaji vijana walioielewa, si walioikariri. Kwa sasa kijana aweza kumaliza kidato cha sita asijue kwamba pamba hiyo ya mwituni imo nchini mwake.