TAHARIRI: UGONJWA WA SUKARI NI SHAURI LA CHAMA

Ndugu Wanachama,

Wako watakaouliza, Chama kimeingiaje katika habari za ugonjwa wa sukari? Kazi ya Chama, watasema, ni mishahara, saa za kazi na likizo. Maradhi ni shauri la madaktari. Sisi twajibu hivi: mfanya kazi hana shamba wala duka, ana mwili wake tu. Dereva wa lori ambaye macho yameingia ukungu hawezi kushika usukani kutoka Lodwar mpaka Kakuma. Mpakizi aliyekatwa mguu hapati kibarua. Ugonjwa huu hula macho, miguu, figo na moyo, na kwa hiyo wala ugali wa watoto wetu.

Tulizoea kusikia kwamba sukari ni ugonjwa wa matajiri wenye matumbo huko Nairobi. Maneno hayo yafaa yaachwe. Mwaka 2020 wataalamu walitoa katika jarida la Science Advances habari za Waturkana zaidi ya 1,200 waliopimwa afya ya moyo na mwili. Wafugaji wanaohama na mifugo walikuwa na afya njema sana. Waliohamia mijini, wakaishi kwa unga, mafuta na sukari ya dukani, vipimo vyao vilikuwa vibaya zaidi, hasa waliozaliwa huko huko mjini. Na sisi, ndugu, wengi wetu twaishi kwa mandazi na chai tamu asubuhi, soda mchana, na ugali mkubwa usiku.

Ugonjwa wenyewe, ile aina ya pili iliyo ya kawaida kwa watu wazima, huja polepole. Mwili hautii tena insulini yake, na sukari hubaki katika damu. Dalili zake ni kiu, kukojoa mara nyingi usiku, uchovu, macho kuona ukungu, ganzi ya miguu na kidonda kisichopona. Lakini katika jua la Lodwar, nani asiye na kiu? Nani asiyechoka? Ndiyo sababu mtu hukaa nao miaka asijue. Kinachosema kweli ni kipimo tu: sukari ya asubuhi, kabla ya kula, ikifika 7.0 au kupita, na ikarudiwa siku nyingine ikawa vile vile, huo ndio ugonjwa. Na uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu watu 9 katika kila 10 nchini Kenya hawakuwa wamepimwa sukari hata mara moja.

Basi jambo la kwanza ni kufundishana. Twataka kila tawi, la Lodwar na la Kakuma, liweke siku moja kila mwezi, wakutane wenye ugonjwa na jamaa zao, pamoja na muuguzi. Kakuma kambi iko tangu 1992 na watu wake ni wa mataifa mengi; kwa hiyo mafundisho yawe kwa Kiturkana, Kiswahili, Kisomali na Kiarabu cha Juba. Karatasi ya Kiingereza iliyobandikwa ukutani haimfundishi mtu.

Tena tufundishane yanayowezekana. Mwaka 2025 posho ya chakula kambini ilipunguzwa. Kumwambia mtu huyo ale samaki na matunda kila siku ni kumdhihaki. Lakini aweza kupunguza sukari katika chai, kuacha soda, kupunguza ugali na kuongeza maharagwe, kuacha tumbaku, na kula kwa saa zake. Na kila jioni aitazame miguu yake, kwa maana mguu wenye ganzi hausikii mwiba wa mathenge uliopenya kandambili.

Liko na jambo moja ambalo kila mwenzi kazini lazima alijue. Mtu anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, akikosa chakula, sukari yake yaweza kushuka ghafula. Atatetemeka, atatoka jasho, atasema ovyo. Msimwite mlevi! Kama aweza kumeza, mpeni maji ya sukari au soda mara moja. Kama amezimia, msimtilie kitu kinywani. Mpelekeni hospitali upesi.

Na asiye na friji asikate tamaa. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza uchunguzi uliotokana na kazi yao katika kambi za Dadaab: insulini iliyokaa wiki 4 katika joto la kupanda na kushuka kati ya 25 na 37 haikupoteza nguvu. Chombo cha udongo chenye unyevu, kikiwekwa kivulini, chaweza kusaidia. Muulizeni muuguzi namna ya kufanya.

Jambo la pili ni haki. Tangu Oktoba 2024 sisi wenye mishahara twakatwa asilimia 2.75 kila mwezi kwa ajili ya SHA. Fedha hiyo ni jasho letu, na tuna haki ya kuuliza dawa ziko wapi. Septemba 2023 Serikali iliwapa wahamasishaji wa afya ya jamii mikoba yenye mashine za kupimia sukari. Vizuri, lakini mashine isiyo na vijiti vya kupimia ni kama bunduki bila risasi. Na wahamasishaji hao waliahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Walipwe kwa wakati, maana nao ni wafanya kazi.

Kwa waajiri twasema: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, yampa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Kifungu cha 34 chamtaka mwajiri ahakikishe mfanya kazi mgonjwa apata dawa zinazofaa. Twataka pia ruhusa ya kwenda kliniki bila kukatwa, na dakika chache za kula kwa saa yake. Si mengi hayo.

Wenzetu wengine huficha ugonjwa wakiogopa kufukuzwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Mwanachama anayetishwa kazini kwa sababu ya ugonjwa huu amwone mwakilishi wa tawi lake siku hiyo hiyo. Na wewe ambaye hujapimwa, nenda ukapimwe mwezi huu, uende na mwenzako.

UMOJA NI NGUVU.