Makiso: Bwate bila mafuta ni gari bila kesho

KISANGANI – Asubuhi na mapema, kabla soko kuu la Makiso halijajaa watu, mashofere wa teksi wanafungua kapo za magari yao. Wanachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya moteri, wanakipangusa kwa kitambaa, wanakirudisha, wanakichomoa tena na kutazama. Wanaongeza maji katika radiata. Wanapiga pneu teke. Halafu wanafunga kapo na kuanza kazi. Bwate ya vitesi, ile ambayo ndugu wa Kenya na Tanzania wanaiita giaboksi, haikuulizwa habari. Haikuulizwa jana, wala mwezi uliopita, wala siku ile gari liliponunuliwa.

Huo ni uzembe, na wanaoulipa siyo walioufanya.

Tangu Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipolipuka kule Lubunga, familia nyingi zilivuka mto na kukimbilia ukingo wa kulia. Wengine walifika kwa njia ya Bafwasende, wakikimbia vita vya Ituri. Mtu aliyeacha shamba, nyumba na mbuzi anashika kazi anayoipata. Anayejua kuendesha anaomba usukani wa gari la mtu mwingine. Jioni anampelekea mwenye gari pesa waliyopatana, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto. Gari hilo likisimama, sufuria nayo inasimama.

Mara nyingi gari kuukuu halisimami kwa ajali. Linasimama kwa lita moja ya mafuta iliyokuwa ikidondoka kidogo kidogo kwa miezi, mbele ya macho ya watu watatu: mwenye gari, shofere na fundi. Kila mmoja ana kisingizio chake.

Kisingizio cha kwanza kinasema: «Bwate imefungwa, mafuta yake hayaishi.» Uongo. Ni kweli kwamba bwate haichomi mafuta kama moteri. Lakini ina viziba vya mpira pale ekseli zinapotokea na pale shafti inapoingia, na mpira wa miaka ishirini na zaidi unakauka na kupasuka. Doa jeusi chini ya gari kila asubuhi siyo jasho, ni mafuta yanayoondoka. Tena bwate ina tundu dogo la kupumulia. Gari likitoka na joto likaingia ghafla katika kijito au dimbwi refu la mvua, bwate inapoa na kuvuta maji ndani. Mafuta yanageuka rangi ya maziwa, na mafuta ya namna hiyo hayalindi chuma tena. Katika jimbo la Tshopo, ambako mvua haina haya na barabara zina mashimo ya kuogea bata, kusema bwate imefungwa ni kujidanganya.

Kisingizio cha pili: «Bwate haina kijiti cha kupimia.» Nyingi hazina, ni kweli. Lakini zina bushoni mbili, na hizo ndizo macho yake. Moja iko ubavuni, ya kupimia na kujazia. Nyingine iko chini kabisa, ya kumwagia. Gari linawekwa mahali tambarare, magurudumu manne yakiwa sawasawa, moteri imezimwa, breki ya mkono imevutwa, mawe yamewekwa mbele na nyuma ya magurudumu. Likiinuliwa, linainuliwa pande zote na kuwekwa juu ya vigingi imara. Kumlaza mtu chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake ni kucheza na kifo. Kuliinua upande mmoja tu ni kupima uongo, kwa sababu mafuta yanahamia upande wa pili.

Kisha bushoni ya ubavuni inafunguliwa. Fundi anaingiza kidole. Mafuta yakigusa ukingo wa chini wa tundu, bwate imeshiba. Kidole kikitoka kikavu, bwate ina njaa. Kazi hiyo haizidi nusu saa na haihitaji mashine ya Ulaya.

Hapa ndipo mafundi wengi wa haraka wanaposhindwa. Wanakimbilia bushoni ya chini, wanamwaga mafuta yote, halafu wanakuta ile ya juu imeshikwa na kutu na haifunguki. Gari linabaki bila tone, na mteja anaambiwa arudi kesho. Sheria ni moja: bushoni ya kujazia inafunguliwa kwanza. Isipofunguka, ya chini haiguswi.

Mafuta yanayotoka yasimwagwe mtaroni, maana mtaro unaishia mtoni na watu wanachota maji huko. Yatazamwe kwanza. Ujiujiu wa kijivu kwenye sumaku ya bushoni ni uchakavu wa kawaida. Unga unaong'aa kama dhahabu unaonyesha kwamba pete za shaba zinazolainisha kubadilisha vitesi zinakwisha. Vipande vya chuma ni habari mbaya, na mwenye gari aambiwe siku hiyohiyo.

Kisingizio cha tatu ndicho kibaya zaidi: «Mafuta ni mafuta.» Kwa neno hilo bwate zimemiminiwa mafuta machafu yaliyotoka katika moteri nyingine. Na kuna ujanja wa zamani, unaojulikana sehemu nyingi za dunia, wa kutia unga wa mbao au ndizi ndani ya bwate inayolia ili inyamaze siku ya kuuzwa. Anayefanya hivyo ni mwizi, hata kama hakuvunja mlango. Familia inayokusanya akiba yake ya mwisho kununua gari la namna hiyo imenunua jeneza lenye magurudumu.

Bwate nyingi za zamani zinataka mafuta mazito yaliyoandikwa 75W-90 au 80W-90. Kwenye kopo kuna pia herufi GL-4 au GL-5. Hizo siyo mapambo. Kama kitabu cha gari kinataka GL-4, baadhi ya mafuta ya GL-5 yanaweza kula zile pete za shaba polepole. Kuna bwate zinazotumia mafuta mepesi zaidi, kwa hiyo kitabu cha gari kinashinda mdomo wa muuzaji. Teksi ndogo yenye kuvutwa na magurudumu ya mbele, kama Corolla za miaka ya 1990, mara nyingi inahitaji karibu lita 2 tu. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Hiace, lina pia mafuta yake peke yake katika ponti ya nyuma, nayo yapimwe.

Kujaza hakuhitaji akili ya injinia. Bomba safi na faneli, ama sindano kubwa ya mafuta, vinatosha. Mafuta yanaingizwa mpaka yaanze kumwagika kwenye tundu la ubavuni, yanaachwa yadondoke mpaka yatulie, kisha bushoni inafungwa na shaini yake mpya. Baada ya hapo fundi atafute mahali mafuta yalikovuja. Kujaza bila kuziba ni kuchota maji kwa kikapu.

Kinabaki kisingizio cha nne, nacho ni cha mwenye gari: «Shofere ndiye anayeliendesha, atajua mwenyewe.» Shofere naye anajibu: «Gari siyo langu.» Kati ya majibu hayo mawili bwate inakufa. Lawama kubwa iko kwa mwenye gari. Anayepokea pesa kila jioni hawezi kumwachia mafuta mtu anayelala katika nyumba ya kupanga na watoto watano. Bwate ikivunjika, shofere ndiye anayefukuzwa kwa kuambiwa kwamba ameharibu gari, wakati gari lilikuwa likilia kwa wiki nyingi: vitesi ya pili inakwaruza, kijiti kinaruka chenyewe, sauti inapanda gari linapopanda.

Lakini shofere naye asijifiche nyuma ya umaskini. Kusikia kelele na kunyamaza ni kukata tawi alilolikalia. Na fundi anayesubiri bwate ivunjike ili apate kazi kubwa ajue kwamba teksi iliyokufa hairudi garajini.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari dogo ndani ya gari, lenye tarehe, kilomita na jina la mafuta yaliyowekwa, lingemaliza nusu ya ugomvi huu. Mwenye gari alipe mafuta. Shofere adai yapimwe kila moteri inapobadilishiwa mafuta, na kila gari linapotoka katika maji marefu. Fundi afungue bushoni mbele ya macho yao wote wawili.

Lita mbili za mafuta mazito na bwate nzima ya kununua sokoni si bei za kulinganisha. Anayesema hana pesa ya lita mbili leo, aseme tangu sasa atapata wapi pesa ya bwate kesho, na watoto wa shofere wake watakula nini siku gari liko juu ya mawe.