Kravati ya mjukuu na kikwembe chetu



Wiki iliyopita, tulipomaliza kukusanya franga za likelemba, mama mmoja alibaki nyuma. Zamu ilikuwa yake. Alifunga franga zake kwenye pembe ya kikwembe, lakini hakuondoka. Akaniambia: "Mama, niko na shida ya nguo." Nilifikiri anatafuta kikwembe kipya. Kumbe shida ilikuwa ya mtoto wake wa kiume.

Kijana huyo anasali katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wamormoni. Anajitayarisha kwenda misioni kwa miaka miwili. Amekata nywele, amenyoa ndevu, na sasa anahitaji kositimu, mashati meupe na kravati. Mama anataka kumsaidia, ingawa franga zile alikuwa ameziwekea masomo ya wadogo zake. Lakini kambo, baba ya mume wake, amekasirika. Anasema: "Mujukulu wangu amekuwa muzungu. Imani gani hii inayoanzia kwenye shingo?"

Mama akaniuliza: "Mwanangu anamfuata Mungu, ao anafuata Wamarekani?"

Mimi si wa kanisa hilo, na sitaki kumhukumu mtu. Lakini swali lile ni la kwetu sote, kwa sababu hakuna kanisa lisilokuwa na namna yake ya kuvaa. Dada zetu Wakimbangu hufunika kichwa na kuvua viatu wakati wa sala. Dada zetu Waislamu wana mtandio. Wamama wa parokia wana kikwembe chenye picha ya Bikira Maria. Nguo inasema mtu ni wa nani. Kwa hiyo tusiulize tu kama kanisa lina haki ya kuwa na nguo yake. Tuulize nguo hiyo imetoka wapi, na inamtaka mtu aache nini.

Tuanze na ndevu. Brigham Young, aliyewaongoza waumini hao hadi bonde la Utah mwaka 1847, alikuwa na ndevu kubwa uzeeni. Marais wengi wa kanisa waliomfuata walikuwa nazo pia. Wa mwisho kuwa na ndevu alikuwa George Albert Smith, aliyefariki mwaka 1951. Ni baada ya hapo ndipo sura ya kiongozi asiye na ndevu ilipozoeleka. Miaka ya 1960, vijana wengi wa Marekani walifuga nywele ndefu na ndevu kama alama ya kupinga serikali na wazazi. Chuo kikuu cha kanisa, Brigham Young University, hakikutaka wanafunzi wake wafanane nao, na mpaka leo wanafunzi wa kiume wa pale hawaruhusiwi kufuga ndevu bila ruhusa maalumu. Mwaka 1971 Dallin Oaks, aliyekuwa mkuu wa chuo hicho na ambaye baadaye alikuwa kati ya viongozi wakuu wa kanisa, alieleza waziwazi kwamba ndevu zenyewe si dhambi. Alisema kanuni ile ni ya wakati wake, kwa sababu ya maana ambayo watu walizipa ndevu siku zile.

Mumeona, wamama? Kanuni ilizaliwa katika ugomvi wa wazazi na watoto wa Marekani. Kijana wetu hakuwepo, na kambo wake hakuwepo. Lakini wembe umefika mpaka kwetu.

Hereni nazo ni vilevile. Mwaka 2000, Rais Gordon Hinckley aliwashauri wanawake wavae jozi moja tu ya hereni za kiasi, na akawaomba vijana waache chale za wino mwilini. Waumini wengi walilichukua neno hilo kama kipimo cha utii: hereni ya pili katika sikio ikawa jambo la kunong'onezwa. Lakini mwaka 2022 kanisa lilitoa upya kitabu chake cha kuwaongoza vijana, na orodha ndefu ya mavazi haimo tena. Sasa kijana anaambiwa auheshimu mwili wake kwa sababu ni mtakatifu, kisha afikiri na kuchagua mwenyewe.

Kuna mabadiliko mengine. Tangu mwisho wa mwaka 2018, wasichana walioko misioni wanaruhusiwa kuvaa suruali katika kazi zao nyingi, isipokuwa katika ibada na hekaluni. Tangu mwaka 2020, wavulana wanaweza kuvaa shati la buluu, na hata kutembea bila kravati, mahali ambapo viongozi wa eneo wamekubali. Huko Samoa na Tonga, katika visiwa vya Pasifiki, wamisionari wa kiume huvaa shuka ya heshima ya kule, iliyofungwa kiunoni, pamoja na shati jeupe na kravati. Hakuna anayesema wamepunguza imani. Na mwaka 2024 kanisa lilitangaza nguo ya ndani ya kiibada yenye mikono mifupi zaidi, kwa ajili ya waumini wa nchi za joto. Mama yeyote aliyetembea mwezi wa kumi chini ya jua letu anaelewa sababu.

Hayo yote yananifundisha kwamba watu wenyewe wa kanisa hilo wanajua tofauti ya mfupa na nguo. Mfupa haubadiliki. Nguo inakatwa, inashonwa upya, inapanuliwa.

Lakini sitaki kumdanganya mama yule kwamba mambo yote ni mepesi. Huko Samoa, mwanamke anapochorwa malu mapajani, ni heshima ya ukoo: anaonyesha yuko tayari kuwatumikia watu wake. Kanisa linapowashauri vijana waache chale, kijana wa Samoa haachi urembo tu, anaacha alama ya babu zake. Kwetu pia liko jambo kama hilo, nalo halihusu nguo. Dallin Oaks, alipowahutubia waumini wa Afrika, alifundisha juu ya kile alichokiita utamaduni wa injili, na akawaomba waache desturi ya kutoza mahari, kwa sababu inachelewesha ndoa za vijana. Wako mabinti kwetu watakaomshukuru, maana wamekaa miaka wakingoja mchumba amalize orodha ya wajomba. Wako wazazi watakaouliza: bila mahari, nani atasema koo mbili zimekutana? Hapo pana mazungumzo marefu, na hayawezi kumalizwa na mtu mmoja aliyesimama mbali.

Na kuna sababu nyingine inayomfanya Mwafrika aulize kwa sauti. Mpaka mwaka 1978, wanaume weusi hawakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hilo, na wanawake weusi pamoja na wanaume wao hawakushiriki ibada kuu za hekaluni. Mwezi wa sita mwaka ule, Rais Spencer Kimball alitangaza kwamba kizuizi kimeondolewa. Kanisa lilitambuliwa rasmi hapa kwetu, wakati wa Zaire, mwaka 1986. Leo lina hekalu Kinshasa lililowekwa wakfu mwezi wa nne mwaka 2019, na la Lubumbashi lilitangazwa mwaka 2020. Watu walioambiwa zamani wangoje mlangoni, sasa wamejaa ndani ya nyumba. Si ajabu wakiuliza ni viti gani vya nyumba hii ni vya Mungu, na vipi ni vya mwenye nyumba wa kwanza.

Sasa nirudi kwa kambo. Nilimwomba mama amkumbushe jambo moja kwa heshima. Kambo alikuwa kijana wakati wa Mobutu. Miaka ya 1970 tuliambiwa turudi kwenye uhalisi wetu. Kositimu na kravati zikakatazwa, wanaume wakavaa abakosti. Wamama wakakatazwa suruali na nywele za bandia, vikwembe tu. Hata majina ya ubatizo yaliondolewa mwaka 1972. Mpaka tarehe 24 mwezi wa nne mwaka 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, ndipo kravati iliporudishiwa ruhusa. Wengi wetu tunakipenda kikwembe, na tungekivaa bila kuamriwa. Lakini mama aliyesimamishwa njiani kwa sababu ya suruali hakusikia kama anarudishiwa utamaduni wake. Alisikia kwamba mtu mwingine anauamuru mwili wake.

Kwa hiyo yule anayekataza kravati kwa jina la mababu, na yule anayeilazimisha kwa jina la Mungu, wote wawili wanaweza kukosea namna moja. Wanamtazama mtu shingoni.

Nilimpa mama yule maswali matatu, nami nawapa ninyi pia, kwa kanisa lolote.

La kwanza: neno hili limeandikwa, ao limezoeleka tu? Kwa mfano, kwa miaka mingi kitabu cha maelekezo cha kanisa hilo kilisema kwamba shati jeupe na kravati vinapendekezwa kwa wale wanaogawa sakramenti, lakini visiwe sharti la kumzuia mtu. Anayejua hivyo hatamwacha kijana maskini nyumbani siku ya Bwana kwa sababu shati lake ni la rangi.

La pili: ni la nani, na la muda gani? Nguo ya misioni ni kama nguo ya muuguzi ao ya mwanafunzi. Kijana anaivaa miaka miwili ya utumishi, kisha anairudisha kabatini. Si ngozi mpya. Kambo akijua hivyo, atapumua.

La tatu: linaunganisha ao linatenga? Ndani ya hekalu lao wote huvaa nyeupe, tajiri na maskini, na mimi ninaona uzuri wake: hakuna wa kumzidi mwenzake. Hata Kitabu cha Mormoni chenyewe kinasimulia watu walioishi vizuri kwa amani, mpaka wengine walipoanza kujivunia nguo za gharama, na ndipo wakagawanyika. Nguo ya kufanana ikimfunika maskini aibu yake, ni baraka. Ikimfanya aone aibu kuja, imegeuka.

Hapo mama akanitazama, akacheka kidogo. Akasema: "Mama, na kikwembe chetu cha tarehe 8 mwezi wa tatu, kiko namna gani?"

Nilikosa jibu. Wamama, mnajua anachosema. Kila mwaka tunachagua kikwembe cha siku ya wanawake, kila mmoja anunue, afume, alipe mshonaji. Ndoa ina kikwembe chake, matanga yana kikwembe chake. Tunasema ni utamaduni wetu, na ni kweli, kunapendeza tukipita barabarani kama maua ya bustani moja. Lakini mwaka huu wenzetu wanne hawakutembea pamoja nasi. Mmoja alisema alikuwa mgonjwa. Mwingine alisema mtoto ana homa. Hakuna aliyesema: sikupata franga. Sisi tulipita mbele ya nyumba zao tukiimba.

Hatukuhitaji Mmarekani wala Mobutu kutufundisha kumwacha mtu nyuma kwa sababu ya kitambaa. Tumeweza wenyewe.

Kwa hiyo nina mambo mawili ya kuwaomba. Kwanza, mwenye mtoto aliyechagua imani yenye mavazi tofauti na yetu, azungumze naye kabla ya kumcheka. Amuulize: nguo hii ina maana gani kwako? Mtoto anayeweza kujibu, imani ni yake. Asiyeweza, bado anahitaji mama. Na mtoto naye aende kwa kambo kabla ya kwenda misioni, aketi chini, apokee baraka yake. Ukoo hauishi kwenye ndevu. Unaishi katika kusalimia, kutunza wazee, kujua majina ya waliokutangulia, na lugha ya nyumbani unayoisema hata ukiwa umevaa kravati.

Pili, katika mkutano ujao wa chama, nataka tujadili kikwembe cha mwaka ujao. Ninapendekeza kitambaa cha kichwa tu kiwe cha kufanana, na chini kila mmoja avae alicho nacho. Ao tutenge sehemu ya kisanduku kwa wale wasioweza, bila kutaja majina yao. Mwenye wazo lingine alilete.

Mnataka kujua mama yule alifanya nini? Masomo ya watoto yalilipwa kwanza. Kwa kilichobaki alipata kositimu ya soko la nguo za mitumba, na mshonaji wa jirani akaipunguza mikono. Shati moja jeupe limetoka kwa kaka wa kanisa lao aliyerudi misioni. Na kravati? Kambo ndiye aliyemfundisha mjukuu namna ya kuifunga. Alikuwa nayo moja sandukuni, aliyoinunua mwaka 1990.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Salamu kwa watoto.