Nani Mrithi wa Mkonga?

Masika yakikolea mkoani Mara, njia zinazoachana na lami ya Mwanza–Sirari huanza kuchuja magari. Upande wa Bunda, kuanzia jirani na lango la Ndabaka kuingia bonde la Grumeti, ardhi ni ya mbuga: udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa, na mvua ikinyesha hunata kwenye tairi mpaka kashata zote zinapotea. Noah husalia barabarani. Probox, ambayo kwa ujasiri wa madereva wake hufika kusikotarajiwa, nayo kuna mahali hunyoosha mikono. Wanaoendelea ni trekta, pikipiki, na ile Land Cruiser yenye bomba la hewa lililopanda ubavuni mwa kioo, ambayo nchi nzima inaiita mkonga.

Mkonga ni gari la zamani linalouzwa jipya. Ukoo wake, Land Cruiser 70, ulianza kutengenezwa mwaka 1984 na mpaka leo unatoka kiwandani. Pembeni yake wamezaliwa wengine wanaodai urithi. Mwaka 2019 Land Rover walionyesha Defender mpya kule Frankfurt, miaka mitatu baada ya kufunga uzalishaji wa ile ya zamani. Mwaka 2021 Toyota wakaleta Land Cruiser 300. Ukiuliza kwenye kijiwe chochote cha Musoma kama magari haya yanafikia yale ya wazee, jibu litakuja haraka: magari ya siku hizi ni urembo tu, chuma kiliisha na wazee.

Jibu hilo nusu yake si kweli. Kwa kupita mahali pabaya, gari jipya linalishinda la zamani, tena kwa mbali. Hoja ya kijiwe inaanza kuwa na uzito pale gari linapozimika kilomita arobaini kutoka kwenye lami, na hapo ndipo ninapotaka tuweke mzani.

Tuanze na haki ya gari jipya. Defender ya zamani iliruhusiwa na watengenezaji wake kuvuka maji ya kina cha sentimita 50. Mpya inaruhusiwa sentimita 90. Land Rover 109 ya dizeli, iliyowabeba maofisa wa wilaya na makatibu wa chama, ilikuwa na nguvu za farasi sitini hivi, breki za ngoma, na usukani uliodai mabega ya mvuvi. Land Cruiser 300 ya dizeli ina msokoto wa Nm 700. Injini ya 1HZ iliyomo kwenye mikonga mingi haifiki 300. Zaidi ya nguvu, gari jipya lina akili ya kushika breki ya tairi linalozunguka bure na kupeleka nguvu kwenye tairi lililoshika ardhi, kazi ambayo zamani ilitegemea dereva aliyejua lini afunge difu na lini aiachie. Dereva wa kawaida, asiye na miaka ishirini ya tope, atapita na gari jipya pale ambapo angekwama na la zamani. Ubishi hapo sina.

Halafu kuna usalama, jambo ambalo wapenzi wa magari ya kale hulipitia haraka mno. Ndani ya mkonga wa kubebea watu, abiria wa nyuma hukaa kwenye mabenchi mawili yanayotazamana, magoti kwa magoti. Gari ni refu kwenda juu, jembamba, na nyuma lina springi za majani zinazorukaruka kwenye rasta. Likipinduka, walio nyuma hurushwa kama magunia, na miongoni mwao mara nyingi ni wagonjwa, wauguzi na watoto, maana gari hilohilo ndilo tunalolifanya la wagonjwa. Land Rover za kale zilikuwa mbaya zaidi. Hazikuwa na mifuko ya hewa, na nyingi hazikuwa hata na mkanda wa abiria. Anayesema gari la zamani lilikuwa bora kwa kila kitu ajaribu kwanza kusafiri nyuma ya 109 kutoka Kiabakari hadi Musoma kwa barabara ya vumbi, kisha aendelee na mazungumzo.

Ila hizo Land Rover zilidumu, na sababu za kudumu kwao hazina uhusiano na mapenzi. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Bodi yake ilikuwa ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa cha mgawo nchini Uingereza baada ya vita. Mabati yalikuwa bapa, yaliyokatwa na kukunjwa kirahisi, na karibu kila kipande kilifungwa kwa boliti. Matokeo yake, fundi wa mji mdogo Afrika Mashariki aliweza kulifungua gari zima kwa spana na nyundo. Kenya walifika hatua ya kuziunganisha wenyewe, kwenye kiwanda cha Leyland mjini Thika. Kwetu, miaka ya mwanzo ya 1980 fedha za kigeni zilipokauka na spea zikawa hadithi, Land Rover mbili zilizokufa zilizaa moja iliyo hai. Gari lingine lolote lingeishia kuwa banda la kuku.

Na bado Land Rover ilishindwa. Toyota iliichukua Tanzania kwa injini zisizovuja mafuta, gia boksi zisizolalamika, na spea zilizofika. Nasema hili kwa sababu neno "la asili", tunaloyapa magari ya zamani, linatupotosha. Mkonga tunaouheshimu leo ulikuwa mgeni mbele ya wazee wa Land Rover, na ulipita mtihani uleule tunaopaswa kumpa mgeni wa sasa: je, likiharibika, litapona hapahapa? Mapenzi kwa gari la Waingereza hayakufa. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover katika tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya Ujerumani ya msafara wa magari 632. Lakini gari la sherehe na gari la kazi hupimwa kwa vipimo tofauti, na yale ya Arusha, kusema kweli, mengi yalifika kwa sababu mafundi wake wanaishi jirani.

Tuje kwenye mafuta, maana hapo ndipo tofauti inapoonekana wazi kuliko mahali popote. Injini ya 1HZ ni ya dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo, na pampu yake husukuma mafuta kwa meno na springi bila kuuliza kompyuta. Ilianza mwaka 1990. Wamara na Wasukuma wanaojua maisha ya mafuta ya pipa na ya dumu wanajua pia uchakachuaji ulivyokuwa: mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli kwa sababu yalitozwa ushuru mdogo. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchanganyiko huo. Miaka yote hiyo 1HZ ilikunywa, ikakohoa, ikaendelea. Ikizidiwa, unafungua nozeli, unasafisha, unabadilisha chujio, unaondoka.

Injini za kisasa hupuliza dizeli kwa shinikizo linaloweza kupita baa 2,000, kupitia matundu ambayo jicho halioni. Tone la maji au chembe ya uchafu linatosha kuua nozeli, na moja tu inaweza kumgharimu mwenye gari pesa ya kununulia ng'ombe kadhaa. Tangu Januari 2015 Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha salfa kwenye dizeli kuwa sehemu 50 kwa milioni, hatua nzuri sana. Ulaya, ambako mifumo mipya ya kusafisha moshi ilibuniwa, kikomo ni 10. Gari linanunuliwa Musoma likiwa na tumbo lililozoea chakula cha mji mwingine.

Sasa sensa moja ikifa. Taa ya injini inawaka, kompyuta inaamua kujilinda, inapunguza nguvu, na gari lenye Nm 700 linatambaa. Mashine za kusoma makosa zimeshuka bei na zimeenea, hata fundi wa Bunda anaweza kuwa nayo mfukoni. Lakini kusoma kosa si kulitibu. Kifaa kipya kinatakiwa kiagizwe, na vingine vikishafungwa lazima vitambulishwe kwa kompyuta ya gari kwa programu ambayo fundi wa kawaida hana. Basi gari linapandishwa kwenye lori kwenda Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma, au Dar es Salaam. Kama ni la serikali, hapo linaanza safari ya karatasi pia.

Kuna mtu atasema kwamba haya hayana maana, kwa kuwa mashangingi, magari haya ya kifahari ya wakubwa, hayaendi porini. Kweli tupu, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Angalia maegesho ya ofisi yoyote ya mkoa siku ya kikao: magari yaliyobuniwa kuvuka jangwa yamefika kwa lami na yatarudi kwa lami. Juni 2022, akisoma bajeti, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba aliliambia Bunge kuwa magari ya Serikali, kuanzia kuyanunua hadi mafuta na matengenezo, yanakula zaidi ya shilingi bilioni 500 kwa mwaka, akapendekeza maofisa wakopeshwe wanunue ya kwao. Mkoa huu una sababu ya pekee ya kuona haya. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Sidai mkurugenzi atembee. Nadai tu kwamba safari ya Butiama hadi Musoma haihitaji gari la kupanda milima.

Kwa hiyo 300 na Defender mpya si warithi wa mkonga hata kidogo. Ni warithi wa shangingi, na kwa kazi hiyo zimewazidi wazazi wao. Mrithi wa mkonga tumtafute ndani ya ukoo wake. Mwaka 2023 Toyota waliipa 70 sura mpya na injini ya silinda nne ya lita 2.8, yenye msokoto wa Nm 500 na gia za kujiendesha zenyewe, huku 1HZ ikiendelea kuuzwa kwenye masoko kama yetu. Kwa karatasi, injini ndogo inaishinda kubwa kila kipengele: nguvu, moshi, mafuta. Ila ni injini ya kompyuta na shinikizo kubwa, na imewekwa ndani ya gari ambalo sifa yake yote ilikuwa kutokuwa na vitu hivyo.

Ningekuwa na sauti kwenye zabuni ya halmashauri ya Bunda au Butiama, gari la wagonjwa na la doria yangekuwa mikonga ya 1HZ, lakini mabenchi ya nyuma yang'olewe na kuwekwa viti vinavyotazama mbele, vyenye mikanda. Hiyo ni kazi ya mchomeleaji na haidai kusubiri Japani. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, umeonyesha kwamba mama mjamzito anaweza kufikishwa hospitali na dereva wa kawaida wa kijijini aliyepigiwa simu. Basi fedha ya shangingi moja ilipe madereva hao na kuchonga barabara za vijijini za TARURA wanazopita. Mkurugenzi apewe gari dogo la lami. Na ile 2.8 ningeisubiri miaka michache, mpaka injini zake za kwanza zifunguliwe kwenye gereji za Bunda na za Nyasho, Musoma, na spea zake zianze kuuzwa dukani badala ya kuagizwa.